Bunduki, bastola na mipaka ya jiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Chicago na Kaunti ya Cook

Maswali yaliyokusanywa hapa ni yale ambayo wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Chicago na vitongoji vyake huyarudia kila yanapozuka mazungumzo ya silaha za moto. Wengi wetu tumetoka katika nchi ambako leseni ya bunduki hutolewa na mamlaka moja ya kitaifa, na masharti yake ni yaleyale uwe Mwanza au Mtwara, Kisumu au Lamu. Ukija Illinois na mazoea hayo utauliza, "Bunduki hii inaruhusiwa Marekani?" na jibu utakalopewa, hata likiwa la kweli, halitakusaidia. Unachopaswa kuuliza ni kama inaruhusiwa katika mtaa unaolala, ikiwa na magazini (kisanduku cha kutilia risasi) iliyo nayo, kwa mtu mwenye hadhi yako ya uhamiaji. Maelezo haya ni ya kuelimisha tu; mwenye kesi au shaka kubwa amwone wakili.

## Misingi

1. Inawezekanaje jiji likataze kitu ambacho serikali kuu haijakikataza?

Mmiliki wa silaha aishiye Chicago yuko chini ya sheria za ngazi nne kwa wakati mmoja: sheria za shirikisho, zinazotumika nchi nzima, sheria za jimbo la Illinois, sheria ndogo za Kaunti ya Cook, ambamo Chicago imo, na sheria ndogo za jiji, zinazopitishwa na Baraza la Jiji lenye madiwani 50. Kutimiza masharti ya ngazi moja hakukuondolei wajibu wa nyingine. Bunduki inaweza kuwa halali kwa shirikisho, ikavumiliwa na jimbo kwa masharti, na bado ikawa kosa kuiweka chini ya kitanda chako.

Nguvu ya miji ya Illinois inatokana na Katiba ya jimbo ya mwaka 1970, ambayo imeipa miji mikubwa, na miji mingine iliyochagua hivyo, mamlaka ya kujitungia sheria katika mambo yake yenyewe hadi pale bunge la jimbo litakapoamua kujitwalia jambo fulani. Katika majimbo mengi ya Marekani bunge limeshajitwalia suala zima la silaha na kuiacha miji mikono mitupu (tazama swali la 18). Illinois ilijitwalia nusu yake tu.

2. Je, Katiba ya Marekani haimpi kila mtu haki ya kuwa na bunduki?

Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalinda haki ya watu kuwa na silaha. Hata hivyo, ni mwaka 2008 tu, katika kesi ya jiji la Washington iliyofunguliwa na Dick Heller, ambapo Mahakama ya Juu ilitamka kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi na inahusu hasa bastola ya kujilinda nyumbani. Hukumu hiyohiyo ilisema haki hiyo ina mipaka, na hapo ndipo miji iliposhikilia.

Tangu mwaka 2022, katika kesi iliyotoka New York, Mahakama ya Juu inataka serikali inayotetea kizuizi cha silaha ionyeshe kwamba kinalingana na desturi ya kihistoria ya Marekani ya kudhibiti silaha. Ndiyo maana mawakili wa majiji siku hizi wanapekua sheria za karne ya 18 na ya 19 kuhusu baruti na visu.

3. Nimesikia bastola zimepigwa marufuku Chicago. Ni kweli?

Ilikuwa kweli. Sasa si kweli.

Mwaka 1982 Chicago iliacha kusajili bastola mpya, na kwa kuwa bastola isiyosajiliwa ilikuwa haramu, hatua hiyo ilikuwa marufuku kwa jina lingine. Mji wa jirani wa Morton Grove ulikuwa umetangulia mwaka 1981. Otis McDonald, mzee mstaafu wa mtaa wa Morgan Park aliyechoshwa na wezi waliovunja nyumba yake, alilishtaki jiji, na tarehe 28 Juni 2010 Mahakama ya Juu ikaamua, 5 kwa 4, kwamba Marekebisho ya Pili yanayafunga pia majimbo na miji. Baraza la Jiji lilijibu ndani ya siku chache kwa sheria ndogo mpya iliyodai kibali cha jiji na mafunzo ya kulenga shabaha, huku ikikataza viwanja vya shabaha vya umma ndani ya jiji hilohilo. Mahakama ya rufaa haikuchelewa kuuona mtego huo, ikauzuia mwaka 2011.

Kibali cha jiji na daftari lake la usajili vilifutwa mwaka 2013. Leo bastola ya kawaida inamilikiwa Chicago kwa kadi ya jimbo (swali la 9), bila usajili wa jiji. Anayekuambia "Chicago hakuna bastola" anakusimulia habari za kabla ya 2010.

4. Kwa nini mji mmoja una marufuku na mji wa jirani hauna?

Jibu liko katika siku 10 za Julai 2013. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikuwa imeiambia Illinois, Desemba 2012, kwamba haiwezi kuendelea kuwa jimbo pekee linalowanyima raia wote haki ya kubeba silaha hadharani. Bunge likapitisha sheria ya kubeba bastola iliyofichwa, ikaanza kutumika tarehe 9 Julai 2013. Ndani yake kulikuwa na mapatano ya kisiasa: mambo ya bastola na ubebaji wake yakawa ya jimbo peke yake, lakini kwa bunduki za mtindo wa kivita kila mji wenye mamlaka ya kujitungia sheria ulipewa siku 10. Mji uliokuwa na sheria yake tayari, au ulioipitisha ndani ya siku hizo, ungebaki nayo na kuweza kuirekebisha baadaye. Uliochelewa ulifungiwa mlango.

Chicago na Kaunti ya Cook, zilizokuwa na marufuku tangu zamani, zilikaza zao Julai hiyo. Mji wa Highland Park ulikuwa umepitisha yake Juni. Deerfield ulifanya jambo la kiujanja: ulipitisha kwa wakati sheria ya namna ya kuhifadhi bunduki hizo, kisha mwaka 2018 ukaigeuza kuwa marufuku kamili kwa jina la "marekebisho". Mahakama ya rufaa ya jimbo ilikubali hoja hiyo, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Illinois ikagawanyika nusu kwa nusu, hivyo uamuzi wa chini ukabaki. Naperville, uliokuwa umekosa muda wa 2013, ulikataza mwaka 2022 kuuza tu, kwa kuwa mlango uliofungwa ulihusu kumiliki.

Kwa hiyo ramani unayoiona leo haikuchorwa kwa kiwango cha uhalifu wala idadi ya watu. Ilichorwa na kalenda ya vikao vya madiwani.

## Ni silaha zipi zinazokatazwa

5. "Bunduki ya mtindo wa kivita" ni ipi hasa?

Si bunduki ya rashasha inayomimina risasi mfululizo. Hiyo inadhibitiwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 na, kwa raia wa Illinois, ni haramu kabisa. Sheria hizi zinalenga bunduki inayojipakia yenyewe na kutoa risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa, ambayo magazini yake huchomolewa na ambayo ina sifa fulani za kijeshi: mshikio kama wa bastola, kitako kinachokunjwa au kurefushwa, kifaa cha kuficha mwako wa mtutu, na kadhalika. Sheria ya jimbo iliyosainiwa na Gavana J.B. Pritzker tarehe 10 Januari 2023 inasema sifa moja inatosha, na imeorodhesha pia familia za AR-15 na AK kwa majina. Bunduki za kipenyo cha .50 nazo zimo.

Kipimo cha sifa kina udhaifu ambao hata wanaoiunga mkono sheria wanaujua: bunduki mbili zenye risasi ileile na kasi ileile zinaweza kuangukia pande mbili za sheria kwa sababu ya umbo la mshikio. Usihukumu kwa kuangalia picha. Soma jina na namba ya modeli iliyochongwa kwenye chuma, kisha linganisha na orodha.

6. Bastola yangu ni ya kawaida kabisa. Kwa nini naambiwa bado ina kosa?

Kosa linaweza kuwa kwenye magazini. Hili ndilo swali linalowanasa watu wengi wenye nia njema, na linastahili maelezo marefu kidogo.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea sanduku la bastola aliyoinunua alipokuwa akiishi jimbo lingine, Glock 17, akiwa na uhakika kwamba hana tatizo kwa sababu "bastola zinaruhusiwa". Bastola yenyewe kweli ilikuwa halali. Tuliigeuza magazini tupu tukatazama mgongo wake, kwenye matundu madogo ambayo shaba ya risasi huonekana ndani yake, kila moja likiwa na tarakimu pembeni. Tundu la mwisho lilisomeka 17. Sheria ya jiji inakataza magazini inayobeba zaidi ya risasi 15, na sheria ya jimbo ya 2023 imeweka kikomo hichohicho cha 15 kwa bastola na 10 kwa bunduki ndefu. Kaunti ya Cook imeweka 10 kwa zote (swali la 15). Magazini iliyotoka kiwandani pamoja na bastola, iliyofungwa kwenye sanduku moja nayo, ndiyo iliyokuwa kosa.

Kinachohesabiwa ni uwezo wa magazini, si risasi ulizotia. Kuweka risasi 10 ndani ya magazini ya 17 hakubadilishi kitu. Kuna magazini za modeli hiyohiyo zilizotengenezwa kwa risasi 10, ndizo zinazofaa.

7. Na leza ya kulengea, au kiwambo cha kuzuia sauti?

Vyote viwili vimekatazwa na sheria ya Chicago. Kiwambo kinakatazwa pia na jimbo. Leza, ambayo katika miji mingi ni pambo tu la bastola, ni mfano mzuri wa kosa lililopo ndani ya mpaka wa jiji na kutoweka ukivuka barabara.

8. Bunduki ya kuwindia je?

Shotgani ya kukoki kwa mkono na bunduki ya bolti hazimo katika marufuku. Unahitaji kadi ya jimbo tu, na leseni ya uwindaji ukienda kuwinda.

## Kadi, hadhi na ununuzi

9. Kadi ya FOID ni nini, na nani hupewa?

Ni kitambulisho cha mmiliki wa silaha cha jimbo la Illinois, kinachotolewa na Polisi ya Jimbo tangu mwaka 1968. Bila kadi hiyo mkaazi wa Illinois haruhusiwi kumiliki silaha ya moto wala risasi, hata risasi moja iliyosahaulika ndani ya droo. Ada yake ni dola 10 na hudumu miaka 10. Aliye chini ya miaka 21 anahitaji idhini ya mzazi au mlezi anayestahili. Baada ya kununua, muuzaji hatakukabidhi silaha hadi saa 72 zipite.

FOID si kibali cha kubeba silaha njiani; hicho ni kingine (swali la 13). Nayo haisemi chochote kuhusu sheria za jiji. Kadi ni yako wewe, si ya bunduki.

10. Mimi si raia wa Marekani. Ninaweza kumiliki?

Mkaazi wa kudumu, yaani mwenye kadi ya kijani, anaweza. Aliyepo nchini kinyume cha sheria hawezi, na kosa lake ni la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 15. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni wa matembezi, kwa kawaida hawezi pia, isipokuwa katika hali chache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mkimbizi aliyekwisha kupokewa rasmi hayumo katika kundi la wenye viza ya muda, lakini aliyewasilisha ombi la hifadhi na bado anasubiri jibu asiguse silaha kabla ya kuongea na wakili wa uhamiaji, hata kama rafiki yake amemwambia amejaza fomu na ikapita.

Ninasema "asiguse" kwa makusudi. Sheria ya shirikisho inaadhibu kuwa na silaha mkononi au chini ya uwezo wako, si kuinunua tu. Bastola ya mwenzako wa chumba iliyo mahali unapopafikia inaweza kuhesabiwa kuwa yako.

11. Mbona sijaona duka la bunduki Chicago?

Jiji lilikuwa limekataza mauzo kabisa hadi Januari 2014, jaji wa shirikisho alipoibatilisha marufuku hiyo. Kanuni zilizofuata ziliyaweka maduka mbali na shule na bustani na kudai mauzo yarekodiwe kwa video, na wafanyabiashara hawakuvutiwa. Watu hununua vitongojini. Muuzaji wa kitongojini huangalia sheria za jimbo na shirikisho. Usitegemee akukumbushe sheria za mtaa unaolala.

12. Bangi ni halali Illinois. Inahusiana vipi na bunduki?

Ni halali kwa jimbo tangu tarehe 1 Januari 2020, lakini si kwa shirikisho. Fomu ya shirikisho unayojaza dukani inauliza kama unatumia bangi na inaeleza kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa peke yake.

## Nyumbani na njiani

13. Je, ninaweza kuibeba nikitoka nyumbani?

Ukiwa na leseni ya jimbo ya kubeba bastola iliyofichwa, ambayo inadai mafunzo ya saa 16, ada ya dola 150 kwa mkaazi, na hudumu miaka 5. Leseni hiyo haihusu bunduki ndefu. Hata ukiwa nayo, orodha ya mahali palipokatazwa ni ndefu: shule, bustani za umma, mabaa ambayo zaidi ya nusu ya mapato yake ni pombe, mahakama, pamoja na basi na treni za umma. Hili la mwisho ndilo linalowagusa wengi, maana mtu asiye na gari atabebaje bastola mjini bila kupanda treni?

Bila leseni, silaha husafirishwa ikiwa imetolewa risasi na kufungwa ndani ya sanduku au mkoba wake.

Na nyumbani kwenye watoto chini ya miaka 18, sheria ya jiji inataka silaha iwe na kufuli ya kifyatulio au iwe ndani ya kasha lililofungwa. Juu ya kabati hakuhesabiki kuwa ni kufungiwa. Anayejua jinsi watoto wanavyopanda viti hatahitaji kuelezwa sababu. Sheria ya jimbo iliyoanza kutumika Januari 2026 nayo imeongeza wajibu wa kuhifadhi silaha mbali na watoto.

14. Ninahama kutoka Indiana kwenda Wisconsin na bunduki ninazo kwenye gari. Nikipita Chicago nitakamatwa?

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamlinda msafiri anayetoka mahali ambapo silaha yake ni halali kwenda mahali ambapo pia ni halali, mradi silaha haina risasi na hakuna anayeweza kuifikia kutoka kwenye kiti. Gari lisilo na buti iliyotengana linahitaji kasha lililofungwa, na droo ya dashibodi haikubaliki. Ulinzi huo ni wa kupita. Ukikaa siku tatu kwa shangazi huko Rogers Park, wewe si mpita njia tena.

## Mambo ya pembezoni

15. Jiji linasema risasi 15, kaunti inasema 10. Ninayeishi Chicago nifuate ipi?

Katiba ya Illinois ina jibu: sheria ndogo ya kaunti yenye mamlaka ya kujitungia sheria inapogongana na ya mji, ndani ya mipaka ya mji hutawala ile ya mji. Kwa msingi huo magazini ya bastola ya risasi 15 inatetewa ndani ya Chicago. Lakini ukitoka nayo kwenda kitongoji cha Kaunti ya Cook ambacho hakina sheria yake ya magazini, umeingia kwenye kikomo cha 10. Wakili mzuri anaweza pia kubisha kama hizi mbili "zinagongana" kweli, kwa kuwa mwenye magazini ya 10 hakosi kwa yeyote. Anayetaka usingizi mtulivu ananunua za 10.

16. Niliisajili AR-15 yangu kwa Polisi ya Jimbo. Hilo halinitoshi?

Halitoshi ndani ya Chicago. Sheria ya 2023 iliwaruhusu waliokuwa na bunduki hizo kabla ya tarehe 10 Januari 2023 kubaki nazo, kwa sharti la kuziandikisha kwa hati ya kiapo kabla ya tarehe 1 Januari 2024. Anayehamia Illinois nayo ana siku 60. Kiapo hicho kinakuweka salama kwa jimbo. Hakikufuta marufuku ya jiji wala ya kaunti, na watu wengi walidhani kimefuta. Simama Austin Boulevard, upande mmoja ni Chicago na wa pili ni Oak Park. Kote kuwili kiapo chako hakikusaidii. Endesha gari hadi kaunti ya mbali isiyo na sheria ya aina hiyo, na bunduki ileile ni halali.

Kuhusu uhai wa sheria ya jimbo yenyewe: Mahakama ya Juu ya Illinois iliikubali Agosti 2023 kwa kura 4 dhidi ya 3. Novemba 2024 jaji wa shirikisho kusini mwa jimbo aliibatilisha, na mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ikaisimamisha hukumu hiyo wakati rufaa ikiendelea, hivyo sheria ikabaki kutekelezwa. Habari ya "imefutwa" iliyosambaa kwenye makundi ya simu ilikuwa na ukweli wa mwezi mmoja tu, na hata mwezi huo hukumu ilikuwa haijaanza kutumika.

17. Shemeji yangu yuko Indiana. Anaweza kunizawadia bastola? Na nikirithi bunduki?

Zawadi ya kuvuka mpaka wa majimbo lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo la anayepokea. Kukabidhiana kwenye maegesho ya magari, hata kwa ndugu wa damu, ni kosa la shirikisho.

Urithi una nafuu. Shirikisho linaruhusu silaha ya marehemu imfikie mrithi, na sheria ya jimbo ya 2023 inaruhusu hata ile ya mtindo wa kivita irithiwe kwa masharti ya kuandikishwa. Ila mrithi aishiye Chicago hawezi kuileta nyumbani kwake. Familia zilizo katika hali hii huiuza kwa muuzaji mwenye leseni, au humwachia ndugu anayeishi kwingine anayeruhusiwa kuwa nayo.

18. Je, miji yote ya Marekani ina sheria kama hizi?

La, ni michache. Zaidi ya majimbo 40 yameizuia miji yake kwa kiasi kikubwa. Philadelphia na Pittsburgh zilijaribu, na mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikasema suala ni la jimbo. Florida inaweza kumtoza faini afisa wa mji anayepitisha sheria ya silaha. Boulder, Colorado, ulikuwa na marufuku tangu 2018. Hakimu aliizuia tarehe 12 Machi 2021, na siku kumi baadaye watu 10 wakauawa katika duka la vyakula mjini humo. Mwaka huohuo Colorado ilirudisha mamlaka kwa miji.

New York ni kali kuliko Chicago: jiji linadai kibali hata kwa shotgani ya kuwindia, na magazini ya bunduki ndefu haipaswi kuzidi risasi 5. Kwa hiyo usichukue jibu la binamu yako wa Bronx ukalitumia hapa, wala la rafiki yako wa Dallas.

19. Highland Park ulikuwa na marufuku tangu 2013. Mbona watu 7 waliuawa kwenye gwaride la tarehe 4 Julai 2022?

Kwa sababu sheria ya mji haina lango barabarani. Marufuku ile ilikuwa imeshinda mahakamani mwaka 2015, lakini haikuweza kuzuia bunduki iliyonunuliwa kihalali nje ya mji. Wapinzani wanasema hilo linathibitisha kwamba sheria za mji hazina maana; wanaoziunga mkono waliona linathibitisha kwamba mji mmoja ni mdogo mno, na sheria ya jimbo ya Januari 2023 ilizaliwa kutokana na hoja hiyo. Mimi naona wa pili walisoma tukio kwa usahihi zaidi, ingawa hata jimbo lina majirani.

20. Adhabu zikoje, na je, zinagusa uhamiaji wangu?

Mji au kaunti, kwa Katiba ya jimbo, kwa kawaida hauwezi kufunga mtu zaidi ya miezi 6. Pamoja na hiyo kuna faini, na silaha huchukuliwa. Kwa jimbo, kumiliki bunduki iliyokatazwa bila kuiandikisha ni kosa dogo mara ya kwanza, lenye kifungo cha chini ya mwaka mmoja, na hugeuka kosa kubwa la jinai likirudiwa.

Kwa asiye raia, faini ndilo jambo dogo kuliko yote. Sheria ya uhamiaji inamfanya mtu aweze kufukuzwa nchini akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, na neno "yoyote" linatosha kumnyima mtu usingizi. Usikiri kosa ili tu umalize kesi na kuwahi kazini kabla wakili wa uhamiaji hajasoma hati ya mashtaka. Wakili wa jinai anaweza kukupatia nafuu nzuri kwa raia, yenye sumu kwako.

21. Nimesoma haya na kugundua kwamba tayari ninayo iliyokatazwa. Nifanye nini leo?

Usiitie kwenye begi na kwenda nayo kituo cha polisi, wala usiingie nayo kwenye treni (swali la 13). Itoe risasi, ifungie, na iache palepale ilipo. Piga simu kwa wakili kabla ya kupiga kwa mtu mwingine yeyote, hasa kama si raia. Njia za kawaida ni kuihamishia nje ya eneo la marufuku kwa mtu anayeruhusiwa kuwa nayo, kumkabidhi muuzaji mwenye leseni, au kuisalimisha kwa polisi kwa mpango uliokubaliwa kwanza kwa simu. Kama kosa ni la magazini tu, bastola inabaki na magazini ndiyo inayoondoka. Mara kwa mara polisi wa Chicago huandaa siku za kukusanya silaha, nyingine zikiwa kwenye kumbi za makanisa, ambapo mtu hukabidhi bila kuulizwa jina. Tarehe hutangazwa mapema, na wanaopokea hueleza iletwe namna gani: bila risasi, ndani ya mfuko au sanduku.